Mgeni Hupimwa Uwanjani: Uhakiki wa Mafunzo ya Ngoma kati ya Bagamoyo na Bariadi

Katika suala la utamaduni, kama ilivyo katika suala la uchumi, iko hatari ya kudhani kwamba kila kinachotoka nje ni elimu, na kila kilichoko kijijini ni mali ghafi. Kwa miaka mingi pamba ya Bariadi ilisafirishwa ikiwa marobota, ikarudi ikiwa kitambaa chenye bei kubwa. Ngoma ya Bariadi nayo imesafirishwa kwa namna hiyohiyo. Ilichukuliwa miguu yake na majembe yake, ikapelekwa chuoni na jukwaani, na kijana wa Itilima akiiona kwenye televisheni anaambiwa kwamba sasa ndiyo imekuwa sanaa. Makala haya yanajadili jambo moja tu ndani ya suala hilo pana, yaani mtindo wa kuwafundisha wanafunzi wa ngoma kwa kuwaletea wasanii wageni wa fani mbalimbali: wacheza sarakasi, waigizaji, wanamuziki, wachoraji, na walimu wa dansi kutoka ng'ambo. Mtindo huo unasifiwa na karibu kila mtu, na sisi hatuukatai. Tunauliza swali moja: mwanafunzi anampimia wapi huyo mgeni?

Swali hilo si la walimu wa sanaa peke yao. Chama chochote kinachodai kuongoza wakulima kinatakiwa kujua wakulima wanatumiaje akili zao wanapokuwa hawasimamiwi na mtu, na katika mkoa wa Simiyu akili hiyo inaonekana waziwazi katika ngoma kuliko mahali pengine popote.

Wageni si jambo jipya Usukumani

Wapo wanaodhani kwamba ngoma ya jadi ni kitu kilichokaa mahali pamoja tangu enzi za mababu, na kwamba mgeni akiigusa anaiharibu. Hao hawasemi kweli. Historia ya ngoma za Usukuma, pamoja na hizo za Wantuzu wa Bariadi, ni historia ya kujifunza kwa wageni. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kisukuma na Kinyamwezi walitembea kwa miguu hadi Bagamoyo wakiwa wamebeba pembe za ndovu. Walirudi na nyimbo, na maneno ya Kiswahili, na mitindo waliyoiona njiani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918 ikaja beni, ngoma iliyotoka pwani ikasambaa bara pamoja na askari na wapagazi wa vita. Ikawaonyesha vijana sare, filimbi na mwendo wa gwaride. Leo ukiona kundi la Kisukuma linaingia uwanjani kwa mstari, kiongozi anapuliza filimbi na wachezaji wote wanageuka kwa mara moja, umeona historia hiyo imehifadhiwa katika miili ya watu ambao wengi wao hawajapata kusikia neno beni.

Ndani ya Usukuma wenyewe fani ziliazimana vilevile. Kulikuwa na vyama vya waganga wa nyoka, yaani Bayeye. Kulikuwa na wawindaji wa nungunungu, Banunguli, na wawindaji wa tembo, Bayege. Kila chama kilikuwa na ujuzi wake, nyimbo zake na ngoma yake. Mcheza ngoma wa kawaida alijifunza kumshika chatu kutoka kwa mtu wa nyoka, na alimwendea mchongaji amtengenezee sanamu ya mti yenye viungo vinavyocheza. Basi hao walikuwa wasanii wa fani mbalimbali, waliomfundisha mcheza ngoma bila semina wala cheti.

Lakini hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Ujuzi huo wote uliotoka kwa wageni haukukubaliwa kwa sababu mgeni ana heshima. Ulipelekwa uwanjani ukapimwa.

Masimulizi ya Usukuma yanasema kwamba zamani walikuwapo waganga wawili wacheza ngoma, Ngika na Gumha, waliobishana nani anamzidi mwenzake. Kutokana na ubishi wao yakazaliwa makundi mawili makubwa, Wagika na Wagalu, na hadi leo vikundi vingi vya ngoma huhesabiwa upande mmoja au mwingine. Mashindano yao, mbina, hufanyika baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa Juni, pale pamba na nafaka zinapokuwa zimetoka shambani na mtu ana nafasi. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, katika viwanja viwili vilivyo jirani. Hakuna meza ya majaji. Watazamaji wako huru kwenda huku na huku, na kundi lenye umati mkubwa ndilo lililoshinda. Mchezaji anayeinua kichwa anaona kwa macho yake kwamba watu wanamwacha, na anajua kwamba jambo alilolifanya dakika ile halikuwafaa.

Fikiri, ndugu msomaji, maana ya utaratibu huo. Manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, anatunga nyimbo mpya kwa ajili ya msimu, anazificha wapinzani wasizisikie, anawapanga vijana, anabuni kituko cha kuwavuta watu, na anatafuta dawa. Makada wengi hucheka wakisikia habari za dawa, na Bariadi hasa imechoka na dhihaka za watu wa mijini kuhusu uchawi wa Gamboshi. Wasicheke haraka. Imani ya dawa ina mambo yake ya kukosolewa, na mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi katika mikoa ya Usukuma ni aibu ambayo hakuna utamaduni unaoweza kuitetea. Lakini anayedhani kwamba manju anategemea dawa peke yake hajaona kundi likifanya mazoezi. Manju anaijua dawa, na anajua pia kwamba umati hauvutwi na wimbo wa mwaka jana.

Kwa hiyo manju wa Bariadi ni mshairi, mwanamuziki, mwelekezi wa maigizo, fundi wa mavazi na mratibu wa watu, vyote kwa pamoja. Ukimletea mwanafunzi wa ngoma mgeni mmoja wa namna hiyo, umemletea wageni watano.

Kundi la Taifa na chuo

Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alipohutubia Bunge Desemba 1962 na kutangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kwa uchungu jinsi wasomi wetu walivyofundishwa kuzijua dansi za Ulaya na kutozijua gombesugu wala lelemama. Likaundwa Kundi la Taifa la Ngoma. Vijana wengine walipelekwa China kujifunza sarakasi, wakarudi mwaka 1969. Kikawapo pia kikundi cha maigizo. Mwaka 1981, makundi hayo ya taifa yakiwa yamevunjwa, kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mji uleule ambao mpagazi wa Kisukuma alitua mzigo wake ukawa mahali ambapo mtoto wa mkulima anakwenda kusomea ngoma ya baba yake.

Chuo kilianza na wazo zuri sana. Mwanafunzi wa ngoma hakutakiwa kufungwa ndani ya ngoma peke yake. Alitakiwa kugusa muziki, maigizo na sanaa za ufundi, na miongoni mwa walimu wake walikuwapo wasanii waliotoka vijijini. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, ndiye mfano mkubwa. Alikuwa mwimbaji, mpigaji na mtengenezaji wa ilimba na izeze, na alicheza. Kijana aliyekaa naye hakufundishwa somo la muziki asubuhi na somo la ngoma alasiri. Aliona mtu mmoja ambaye sauti, kidole na mguu wake vinafanya kazi moja. Nje ya chuo, Mzee Morris Nyunyusa, kipofu wa kutoka kusini aliyepiga ngoma nyingi peke yake, alisikika na taifa zima kila ngoma zake zilipotangulia taarifa ya habari ya redio. Watu hao hawakuwa na vyeti, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kuwauliza vyeti.

Kisha wakaja wageni wa ng'ambo, hasa kutoka Sweden, nchi iliyosaidia chuo kwa muda mrefu. Hapa tunapaswa kuhakiki kwa makini, fani kwa fani, badala ya kulaani wote kwa pamoja kana kwamba kila Mzungu mwenye miguu mitupu ni wakala wa ubeberu.

Mwalimu wa sarakasi anampa mcheza ngoma jambo la kweli. Anamfundisha kuanguka bila kuumia, kubeba uzito wa mwenzake, kujua uti wa mgongo uko wapi. Kwa bugobogobo, ngoma ya majembe, faida yake inaonekana mara moja, maana jembe hurushwa, huzungushwa na kudakwa. Hasara nayo inaonekana. Bugobogobo ilitoka shambani. Vijana walilima kwa mstari, ngoma ikiwa nyuma yao au pembeni, na mdundo ulikuwa na kazi ya kuwafanya watu thelathini wainue jembe kwa pamoja na wasichoke upesi. Katika mchezo huo jembe ni zito, na mchezaji anaonyesha uzito wake. Mwanafunzi aliyefundishwa na mwanasarakasi anataka jembe liwe jepesi, anataka kulirusha juu zaidi, na mara nyingi ametengenezewa jembe la kuigiza lisilo na uzito. Watazamaji wa mjini wanashangilia. Mkulima wa Maswa anayeinuka alfajiri kupalilia pamba anaona kijana ambaye hajawahi kulima.

Mwalimu wa dansi ya kisasa anakuja na hesabu yake ya moja hadi nane. Hesabu hiyo ni chombo, kama rula ilivyo chombo, na inasaidia wachezaji kumi wasiojuana kuanza pamoja. Lakini mpiga ngoma wa Kisukuma hahesabu nane. Anasubiri wimbo uishe pale manju atakapoumaliza, na manju anaweza kuurefusha kwa sababu ameona umati unasogea. Mwanafunzi aliyezoea hesabu hupotea hapo. Amejifunza kumaliza kwa wakati, na hakujifunza kuangalia watu.

Wigashe ni mtihani mkubwa zaidi. Jina lake linatokana na neno la Kisukuma la kukaa, kwa sababu watu huicheza na kuiimba wakiwa wamekaa. Nguvu yote iko katika sauti, mabega, mikono na maneno. Mwalimu wa dansi aliyezoea kwamba kucheza ni kuvuka jukwaa atafanya nini na ngoma inayokaa? Wengi huiruka, wakaiacha kwa wanafasihi na wanamuziki. Nadhani huo ni uvivu. Mwigizaji angeisaidia ngoma hiyo kuliko mtu yeyote, kwa sababu mwigizaji anajua kwamba mtu aliyekaa kimya jukwaani anaweza kuwa na tendo kubwa kuliko anayekimbia. Na mchoraji, ambaye mara nyingi huletwa kwa ajili ya mapambo tu, angeweza kumfundisha mcheza wigashe namna mabega ya watu ishirini yanavyofanya umbo moja.

Kwa hiyo mgeni anaweza kufaa sana, hata mgeni wa mbali. Tatizo liko katika kinachofuata baada ya somo. Mgeni huja kwa majuma mawili au matatu. Mwishoni hufanyika onyesho, na watazamaji ni wanafunzi wenzao, walimu, watu wa ubalozi na watalii wachache. Watu wote hao wana adabu, wanapiga makofi. Hakuna anayehamia uwanja wa pili kwa sababu uwanja wa pili haupo. Mgeni anaandika taarifa kwamba mafunzo yamefanikiwa, na taarifa hiyo ni ya kweli kwa kadiri alivyoona.

Bila uwanja wa kupimia, kinachobaki ni fani kuwekwa jirani. Vikundi vya Dar es Salaam vya miaka ya 1980, kama Muungano na DDC Kibisa, viliweka ngoma, sarakasi, maigizo na baadaye taarabu katika usiku mmoja, na watu walijaa. Hilo tusilidharau, maana walilipa viingilio vyao wenyewe na wangeweza kubaki nyumbani. Lakini fani zile zilipokezana jukwaa tu. Mcheza sarakasi alimaliza, akaingia mcheza ngoma, na hakuna aliyemfundisha mwenzake jambo.

Uwanja na wakubwa

Sasa tufike mahali panapotuhusu sisi wenyewe. Uwanja wa mbina haukuachwa bila mpinzani. Mpinzani wake mkubwa alikuwa kiwanja cha ndege, pamoja na jukwaa la mgeni rasmi. Tangu miaka ya TANU tumezoea kwamba kiongozi akija lazima ngoma ziwepo. Manju anapewa dakika kumi, anaambiwa mapema nini cha kusifu, na anasubiri juani. Maonyesho ya Nane Nane yalipofanyika kitaifa Nyakabindi, wilayani Bariadi, kuanzia mwaka 2018, mkoa ulipata fursa kubwa ya kuonyesha kazi zake kwa taifa. Hata hivyo sherehe zetu zote zina kawaida moja: ngoma ni kitangulizi cha hotuba.

Mwanafunzi wa ngoma anajifunza kutokana na hali hiyo kuliko anavyojifunza darasani. Anaona kwamba anayelipa ni kiongozi, na kwamba kiongozi hahami uwanja. Elias Songoyi, katika tasnifu yake ya mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwalinganisha wasanii wawili, Mwinamila wa Tabora na Kalikali wa Usukumani. Mmoja alijulikana nchi nzima kwa nyimbo za kueneza siasa ya Chama. Mwingine aliwaimbia wakulima kasoro walizoziona kwa viongozi, na nyimbo zake hazikuwapendeza wenye madaraka. Sitaki kumdharau Mwinamila, alikuwa fundi. Lakini chama kinachomsikiliza Mwinamila peke yake kinajinyima taarifa ambazo hakiwezi kuzipata katika kikao chochote. Mwaka 1962 Mwalimu aliandika kijitabu akakiita Tujisahihishe. Manju anayeimba mbele ya umati ulio huru kuondoka ni kijitabu hicho kikiimbwa, na kinaimbwa kila msimu wa mavuno bila bajeti yoyote.

Ulikuwapo mfano mwingine wa wageni, na haukuwa mbali. Kati ya 1982 na 1983 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walikwenda Malya, wilaya ya Kwimba, karibu na mpaka wa Maswa. Walikwenda kama wageni wenye fani yao, wakakaa na vijana wa kijiji, wakachunguza nao matatizo yao, kisha matatizo hayo yakatengenezewa maonyesho kwa kutumia sanaa ambazo vijana walikuwa nazo tayari, na wanakijiji wakayajadili. Mlama aliandika juu ya kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1991. Tofauti kati ya Malya na semina ya kawaida ni kwamba pale mgeni ndiye aliyesafiri, na watazamaji walikuwa watu waliotajwa ndani ya mchezo. Huwezi kumpigia makofi ya adabu mtu aliyekutaja.

Ghana walilitatua suala hili kwa njia nyingine. Mwaka 1962 Kwabena Nketia na Mawere Opoku waliunda kikundi cha ngoma cha taifa ndani ya Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, na wakawaajiri mafundi wa ngoma kutoka mikoani wawe walimu hapo chuoni. Fundi asiyejua kusoma alikuwa na darasa lake. Ni hatua kubwa ya heshima. Lakini nayo ilimwondoa fundi kwenye uwanja wake, na fundi aliyekaa miaka kumi mbali na wapinzani wake hana anayemlazimisha kutunga wimbo mpya.

Kwa Simiyu njia iliyo karibu zaidi ni kugeuza mwelekeo wa safari. Wanafunzi wa ngoma waende Bariadi, Itilima au Meatu wakati wa msimu, wakae kuanzia mazoezi ya siri hadi siku ya mbina, na huyo mgeni wa sarakasi au wa maigizo aende pamoja nao. Alichowafundisha kiingizwe kwa ruhusa ya manju na kiwekwe mbele ya umati, Wagalu wakiwa upande wa pili. Kikiwavuta watu, kimekuwa ngoma. Kisipowavuta, mgeni atakuwa amejifunza jambo ambalo hakulipata kwao. Msimu ni mfupi na hauahirishwi kwa sababu ya kalenda ya chuo, kwa hiyo kalenda ya chuo ndiyo itakayobadilishwa.

Yapo mambo mawili yatakayoleta ubishi. La kwanza ni mtihani. Taasisi inayotoa stashahada inataka alama zilizoandikwa, na umati wa Bariadi hauandiki alama. Manju anaweza kuwa mtahini pamoja na mwalimu wa chuo, akaulizwa maswali mawili: je, ungemchukua kijana huyu katika kundi lako mwakani, na kwa kazi gani? Majibu yaandikwe kwa lugha aliyoyatoa.

La pili ni malipo, na hapo mazungumzo huwa yanakuwa magumu. Mtaalamu kutoka ng'ambo hulipiwa nauli, chakula, malazi na posho, na haki hiyo haihojiwi na mtu. Manju akifundisha wanafunzi kumi na watano kwa miezi miwili huandaliwa ubani na soda, kwa hoja kwamba ngoma ni mali ya jamii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua kwamba sanaa za jadi zinastahili kulindwa zisitumiwe kibiashara kiholela. Ujuzi wa kufundisha, hata hivyo, si mali ya jamii nzima. Ni wa mtu aliyeusotea. Wanafunzi watakaokwenda huko watatumia nyimbo na mitindo hiyo kwenye hoteli za Zanzibar na majukwaa ya Ulaya, na mkataba wa kumlipa aliyewafundisha unapaswa kusainiwa kabla basi halijaondoka Bagamoyo, kwa kiwango kilekile cha posho ya siku anacholipwa mgeni wa ng'ambo.